Noti ya shilingi 20 ya mwaka 1985: ramani haina visiwa, na nyuma kuna sura ya Mwalimu iliyogeuka. Ni kosa la kiwandani kweli?

Mtoto wa Makorora (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wanaojua noti za zamani.

Marehemu babu alituachia sanduku la bati lenye hati zake, na chini kabisa tumekuta bunda dogo la noti za shilingi 20, zile za zambarau, mbele Mwalimu Nyerere, nyuma kiwanda cha matairi. Nyingi hazijawahi kukunjwa. Moja kati ya hizo imenishangaza kwa mambo mawili. La kwanza, ramani ya Tanzania iliyo nyuma haina Unguja, haina Pemba, haina Mafia. Ni bara peke yake. La pili, upande huohuo wa nyuma kuna kivuli hafifu cha sura ya Mwalimu, kimegeuka kama unavyojiona kwenye kioo, na maneno ya mbele yanasomeka kinyumenyume.

Nilituma picha kwenye kundi moja la WhatsApp la wanunuzi wa vitu vya kale. Mmoja kasema hiyo ina "makosa mawili kwa mpigo", yuko tayari kutoa laki tatu leo. Mwingine kasema nisiiuze kabisa, ni ya mamilioni. Benki nimeambiwa muda wa kuzibadilisha ulishapita. Nishike la nani?

Simba Mpole

Usiuze mkuu! Kuna noti ya dola 20 ya Marekani iliuzwa dola 396,000 kwa sababu tu ilikuwa na stika ya ndizi juu yake. Stika ya ndizi! Yako ina sura nzima ya Mwalimu. Kaa nayo.

Mkongwe wa Noti

Mleta uzi, pole kwa msiba, na asante kwa kuuliza kabla ya kuuza. Nitaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Tuanze na ramani, maana hiyo haina ubishi. Noti za shilingi 20, 50 na 100 zilizotoka mwaka 1985 zote zina ramani hiyo isiyo na Unguja, Pemba wala Mafia. Toleo la mwaka 1986 likarudia michoro ileile, visiwa vikiwa vimeongezwa. Katalogi za noti zinayatenganisha: ya 1985 ni namba 9, 10 na 11 kwa hesabu ya Pick, ile katalogi ya noti za dunia nzima, na ya 1986 ni 12, 13 na 14. Kwa hiyo aliyekwambia ramani ni "kosa la uchapaji" hajasema kweli. Mtambo ulifanya kazi yake sawasawa. Mchoro wenyewe ndivyo ulivyochorwa, na kila noti ya toleo lile imetoka hivyohivyo. Hilo linaitwa toleo tofauti, na bei yake inafuata toleo: zipo nyingi kiasi gani, na zimebaki safi ngapi.

Australia walipata jambo la namna hiyo. Noti yao ya dola 50 iliyotoka Oktoba 2018 ina hotuba ya Edith Cowan, mbunge wao wa kwanza mwanamke, kwa maandishi madogo mno, na neno moja lilikosewa herufi. Lilipogundulika Mei 2019, noti milioni 46 zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Watu wakakimbilia kuziweka. Lakini kitu chenye nakala milioni 46 nani atakipa bei ya ziada?

Hata hivyo nisidharau hiyo ramani. Noti ya Jamhuri ya Muungano, Muungano wenyewe ukiwa na miaka 21, imetoka bila Zanzibar juu yake. Hiyo ni historia yetu imekaa kwenye karatasi. Mimi ningemshauri kila mkusanyaji wa Tanzania awe na jozi, ya 1985 na ya 1986, azilaze pamoja. Thamani ya kuzitazama iko juu kuliko ya kuziuza.

Sasa hicho kivuli cha sura. Hapo ndipo penye kazi, na hapo sitakujibu "ndiyo" wala "hapana" kwa picha moja ya simu iliyopigwa usiku.

Simba Mpole kaleta ile noti ya ndizi, nami namshukuru, kwa sababu ndiyo mfano bora wa kufundishia. Kilichoipa ile noti bei si stika. Stika ya ndizi hata wewe unaweza kubandika kwenye noti jioni ya leo. Noti za dola za toleo lile zilipita mtamboni mara tatu: kwanza nyuma, kisha mbele, mwisho mihuri na namba. Ile stika imekaa juu ya chapa ya mbele, lakini sehemu ya muhuri na ya namba imechapwa JUU ya stika. Maana yake iliingia kiwandani kule Fort Worth, Texas, baada ya chapa ya pili na kabla ya ya tatu. Hakuna mtu wa mtaani anayeweza kufanya hivyo. Na hata kwa ushahidi huo haikuanza na bei unayoisikia: mwanafunzi wa Ohio aliipata kwenye mashine ya kutolea pesa mwaka 2004, ikauzwa mtandaoni kama dola 10,000, mwaka 2006 ikafika 25,300, ndipo Januari 2021 ikauzwa kwa hizo 396,000.

Basi swali la kujiuliza kwa noti yoyote yenye kasoro ni moja: hii kasoro iliingia hatua ipi? Noti za aina yako zinapita hivi. Kwanza rangi laini za chini, zile za mawimbi na maua. Kisha chapa nzito ya sahani ya chuma iliyochongwa, inayobeba sura na maandishi makubwa. Hiyo wino wake unainuka, pitisha ukucha kwenye koti la Mwalimu utausikia. Halafu namba. Mwisho karatasi kubwa yenye noti nyingi inakatwa. Kasoro ya kweli ina nafasi yake katika mpangilio huo, na vilivyochapwa baada yake vimekaa juu yake. Isiyo na nafasi humo imetokea nje.

Fanya haya kesho mchana, nje, kwenye mwanga wa jua:

Inua noti uelekeze kwenye mwanga, tazama kupitia karatasi. Kivuli cha nyuma kinalala sawasawa juu ya sura ya mbele, mstari kwa mstari, au kimesogea? Kisha tafuta kama kwenye kivuli kuna namba ya noti pia. Kama ipo, isome. Piga picha kisha uigeuze kwenye simu, itasomeka vizuri. Na utuambie noti za jirani yake kwenye bunda zikoje nyuma.

Usiisafishe. Usiipige pasi. Usiibandike selotepu.

Dada Karani

Naunga mkono. Nimekaa dirishani benki muda mrefu na nimeletewa noti za kila aina na watu wenye matumaini. Naongeza moja: mtafute mwenye taa ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau, maduka ya kubadilishia fedha wanayo na mawakala wengi siku hizi wanayo. Karatasi ya noti ni ya pamba, chini ya ile taa inabaki imefifia, haiwaki. Ikiwaka nyeupe kama shati la shule, ujue imeshafuliwa na sabuni ya unga, au kuna mtu kaichezea. Noti nyingi zinazoletwa kwamba "rangi fulani haikuchapwa" ziliachwa kwenye mfuko wa suruali zikaingia kwenye beseni.

Na wino ule wa kuinuka hata ukifutwa kwa dawa, alama ya kubonyea inabaki kwenye karatasi. Inamisha noti kwenye mwanga wa pembeni utaiona. Ambayo haikuchapwa kweli inakuwa bapa kabisa pale.

Wa Kisauni

Salaam aleikum jamaa. Mimi niko Mombasa, hukusanya za Kenya na zile za zamani za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bwana Mkongwe amelieleza vizuri jambo la hatua. Niongeze kwa wenye noti za namba mbili zisizolingana, maana huku zinazunguka sana. Kosa la kweli la namba mara nyingi huwa ni gurudumu moja la mashine ya namba limekwama au limeruka, kwa hivyo tarakimu moja ndiyo inatofautiana. Ukiona namba ya kushoto na ya kulia hazifanani hata kidogo, usikimbilie kufurahi. Inua kwenye mwanga, tazama katikati kutoka juu mpaka chini. Kuna watu hukata noti mbili wakaunganisha nusu ya hii na nusu ya ile. Uzi wa usalama na mistari myembamba hauwezi kupatana pale kwenye kiungo, hata gundi ikiwa ya namna gani.

Mtoto wa Makorora (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Nimefanya yote uwanjani mchana huu na mdogo wangu.

Mwanga: kivuli hakilali sawa na sura. Kimeteremka kidogo na kimelala upande, ukiangalia sikio la Mwalimu la mbele na la kivuli unaona masikio mawili.

Namba: IPO. Hafifu sana, lakini tarakimu za mwisho zimesomeka baada ya kugeuza picha. Na hazifanani na namba ya noti yenyewe! Noti inaishia 417, kivuli kinaishia 418. Mdogo wangu ameruka akidhani ndiyo kosa la tatu.

Jirani zake: noti mbili tatu zilizofuata chini nazo zina vivuli nyuma, ila hafifu zaidi, nilikuwa sijaziona. Bunda lilifungwa mpira, ukayeyuka ukaganda pembeni. Lilikuwa chini kabisa ya sanduku, juu yake madaftari na hati za shamba.

Taa: duka la kubadilishia fedha wamenisaidia bila malipo. Haiwaki.

Mkongwe wa Noti

Umefanya kazi safi sana, wewe na mdogo wako. Ombi moja tu: noti inayoishia 418 unayo kwenye bunda? Itoe, uilaze mbele ya macho karibu na nyingine. Tazama sura na namba.

Mtoto wa Makorora (mleta uzi)

Ninayo. Ukiilaza peke yake huoni kitu. Ukiilaza karibu na ile inayoishia 425, ambayo nyuma ya jirani yake hakuna kivuli, unaona koti la Mwalimu limepauka, weusi wake si uleule. Na shavu la kushoto lina madoa madogo kama wino umenyofoka.

Mkongwe wa Noti

Basi jibu limepatikana, na limeandikwa kwenye noti zako zenyewe.

Lipo kosa la kweli la kiwandani linalofanana na hili, nalo ni zuri na wakusanyaji wanalipenda. Linatokea hivi: karatasi moja inakosa kuingia mtamboni, sahani inachapa wino wake kwenye silinda tupu ya nyuma. Karatasi inayofuata inapopita inapata chapa yake mbele kama kawaida, na wakati huohuo inachukua ule wino wa silinda mgongoni. Sura inatoka imegeuka, na karatasi chache zinazofuata nazo zinapata, kila moja ikiwa hafifu kuliko iliyotangulia. Ukiangalia kwa haraka ni kama yako.

Lakini kivuli cha namna hiyo kinalala nyuma ya sura ya mbele bila kusogea, kwa sababu sahani iliyochapa silinda na iliyochapa mbele ni ileile, mahali palepale. Chako kimelala upande. Na kivuli cha silinda hakiwezi kuwa na namba, kwa sababu wakati ule namba ilikuwa haijachapwa. Inawekwa baadaye, kwa mashine nyingine. Chako kina namba, tena ya noti nyingine, na hiyo noti nyingine unayo mkononi ikiwa imepoteza wino.

Kwenye bunda noti zote zinatazama juu, mgongo wa 417 umekalia uso wa 418. Hewa ya Tanga, kwenu Makorora, mnaijua, bahari iko pale. Unyevu, uzito wa madaftari, mpira uliobana, miaka yote hiyo, wino mzito wa sura umelainika ukashika mgongo wa jirani. Kivuli kimelala upande kwa sababu noti zilikuwa zimeshakatwa na hazikupangwa sawasawa ndani ya mpira. Ndiyo maana jirani za chini nazo zimeambukizwa.

Kwa hiyo: ramani ni toleo, kivuli ni kasoro ya kuhifadhi. Hakuna kosa la mtambo hapa. Na kivuli kinaipunguzia noti, kama doa lolote.

Simba Mpole

Duh. Lakini mkuu, mnunuzi yuko tayari na laki tatu. Si amchukulie tu? Yeye ndiye aliyesema ni kosa.

Mkongwe wa Noti

Simba Mpole, nakuheshimu, ila hapana. Mleta uzi sasa anajua. Akiuza kama kosa la kiwandani huku anajua si kosa, amemdanganya mtu. Amwambie ukweli wote, amtumie hizo picha za mwanga na za namba. Akiwa bado anaitaka kwa laki tatu zake, biashara ni halali kabisa. Huu ushabiki wetu ni mdogo, tunajuana, na noti mbovu iliyouzwa kwa jina zuri inazunguka mpaka inamfikia mtoto wa shule aliyeweka akiba yake.

Na upande wa pili pia, mleta uzi: kama huyo mnunuzi atasema umtumie wewe kwanza hela ya vipimo, au ya usajili, au ya kusafirishia, achana naye siku hiyohiyo. Anayenunua ndiye anayelipa.

Dada Karani

Hilo la mwisho liandikwe kwa herufi kubwa. Watu wazima wamelia kwa ajili ya sarafu na noti za zamani, wametuma ada juu ya ada.

Kuhusu benki, niweke sawa kwa faida ya wengine. Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za zamani za matoleo ya 1985 hadi 2003, hiyo ya 20 ikiwamo, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo si fedha halali ya malipo tena. Msimpelekee muuza duka, mtamuonea.

Wa Kisauni

Kwetu ilikuwa elfu moja ya zamani, mwisho 30 Septemba 2019. Waliosahau chini ya godoro wakabaki na makaratasi. Lakini kwa mkusanyaji noti haifi.

Mtoto wa Makorora (mleta uzi)

Nimewaelewa wakuu, na nimemwandikia mnunuzi ukweli wote pamoja na picha. Hajajibu. Swali la mwisho: hizo nyingine zilizobaki safi nizifanyeje? Na je, nizipeleke kupimwa na zile kampuni za nje?

Mkongwe wa Noti

Safi zitenge na zenye vivuli leo hii. Kila moja iingie kwenye mfuko wake wa plastiki ngumu usio na PVC. PVC ndiyo zile bahasha laini zinazonuka, zinatoa mafuta yanayokula wino. Ziweke zimesimama, pasiwe na uzito juu, mbali na jikoni na ukuta unaotoa jasho. Mpira usirudi tena. Zile ambazo mpira umegandia msiubandue kwa kucha, uacheni.

Kupima: kampuni kama PMG ya Marekani wanatoa alama mpaka 70 na kuifungia noti kwenye kasha, na noti yenye kosa la kweli wanaandika kosa lenyewe kwenye lebo. Lakini gharama ya kupima, kutuma na kurudisha inaweza kuizidi noti ya kawaida mara kadhaa. Kwa shilingi 20 ya 1985 sioni sababu. Ungekuwa na kosa la kweli ningekwambia peleka, maana bila lebo mnunuzi wa mbali hakuamini.

Bei: tazama noti zilizokwisha kuuzwa kwenye minada, si bei ambazo watu wametaja wakasubiri. Mtu anaweza kutaja milioni kumi leo na mwakani ukaikuta palepale.

Ningekuwa wewe ningeweka jozi moja ya 417 na 418 pamoja, na maelezo yake pembeni. Kwa kufundishia ni bora kuliko noti nyingi ninazozijua, kwa sababu mtu anaona wino ulipotoka na ulipokwenda.

Kibwana wa Chato

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina elfu kumi ya sasa hivi, ukingo wa juu mweupe ni mpana na wa chini karibu haupo. Nayo je?

Mkongwe wa Noti

Ilinganishe na elfu kumi nyingine ya toleo hilohilo, zilaze moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe. Kama yako ni fupi, kuna mtu kaipunguza kwa mkasi au kisu. Kama ukubwa ni uleule ila picha imesogea, basi ilikatwa vibaya kiwandani, ila kusogea kwa kiasi hicho ni jambo la kawaida na hakuongezi bei. Inaanza kuwa na maana pale unapoona kipande cha noti ya jirani kimeingia upande wa pili. Na kama kona ilikunjika kabla ya kukatwa, ukiikunjua karatasi itazidi ukubwa wa noti ya kawaida. Hiyo usiitumie, tupe picha.

Piga zote mbili zikiwa zimelazwa pamoja, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mchana, na rula pembeni.